Kamera mnayo, mnachokosa ni siku: jibu kwa anayetaka kurekodi watu wa kando ya barabara, Dar hadi Tunduma

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi na mwenzangu tunakaa Mbagala. Tumejichanga tumefikisha shilingi 1,500,000, na tunataka kusafiri siku kumi kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma, turudi na filamu ya makala kuhusu watu wa kawaida wanaoishi kando ya barabara. Tumepanga vituo kumi na viwili. Tuna simu mbili nzuri na laptop moja. Kuna kamera ya mkononi inauzwa laki tisa, tuinunue? Kibali kinahitajika kweli kwa watu wadogo kama sisi? Droni tukodi? Na kubwa kuliko yote: tufanyeje watu waongee mbele ya kamera kama wanavyoongea siku zote?"

Marahaba, wadogo zangu.

Kamera ya laki tisa iacheni kwa mwenyewe. Simu nzuri ya miaka hii inatoa picha inayotosha kabisa kwa televisheni na hata ukumbi wa wastani. Mkitoa laki tisa mnabaki na laki sita za kulala, kula na kusafiri watu wawili siku kumi, na hapo ndipo filamu nyingi za vijana zinapofia: picha ni safi, lakini kila mtu aliyemo ameongea akiwa amesimama, dakika tano, na nyuma yake basi linapiga honi mrudi ndani.

Ndiyo maana nina ugomvi na hivyo vituo kumi na viwili kuliko nilivyo nao na kamera. Vituo kumi na viwili kwa siku kumi maana yake mtaishi ndani ya basi. Mtashuka sehemu saa nane mchana jua likiwa kali, mtamdaka mtu wa kwanza mwenye sura ya kuvutia, mtamhoji nusu saa, asubuhi mmeondoka. Mtarudi Mbagala na watu kumi na wawili waliosema mambo yaleyale kwa sababu hakuna hata mmoja mliyemfahamu. Kateni viwe vitatu, kila kimoja mlale usiku tatu. Siku ya kwanza mtu anaiona kamera. Siku ya pili anawaona ninyi. Siku ya tatu anawatuma maji, na siku hiyo ndiyo mnayoitafuta.

Kwa njia hiyo ningechagua Ruaha Mbuyuni, Makambako na Tunduma. Ruaha Mbuyuni kwa sababu ya wauza vitunguu, na kwa sababu iko chini kabla ya malori kuanza kuupanda mlima Kitonga. Makambako ni njia panda: hapo barabara ya Njombe na Songea inachepuka, na reli ya TAZARA iendayo Zambia inakutana na lami baada ya kuzungukia kwake kule Mlimba. Tunduma ni mwisho wa nchi, yale malori mliyoyaona yakipita yamesimama kwenye foleni na dereva ana muda mwingi kuliko mtu yeyote mtakayekutana naye. Chalinze, Mikumi, Ilula, Mafinga, Uyole, zote ni sehemu nzuri, na zote mtazipita mkizitazama dirishani. Inauma, najua.

Sasa hesabu, kwa makadirio yangu. Gesti ya kawaida njiani bado inapatikana kwa elfu kumi na tano hadi ishirini na tano. Chumba kimoja cha kuchangia, usiku tisa kwa elfu ishirini, ni 180,000. Chakula weka elfu kumi na mbili kwa kichwa kwa siku, 240,000. Nauli za kwenda na kurudi pamoja na bodaboda za hapa na pale, tenga 300,000. Maiki na vifaa vyake 120,000. Hard disk na memori kadi 200,000. Dharura 200,000, na msiiguse kwa sababu ya nyama choma. Hapo mmetumia 1,240,000. Laki mbili na sitini zilizobaki ni za vibali, na za kuwafidia watu mtakaowapotezea muda. Piga simu kwanza uulize ada za vibali, halafu ndiyo mpange mengine.

Kabla ya vibali, swali moja ambalo hamkuniuliza: filamu inahusu nini? "Watu wa kawaida" si jibu. Watu wa kawaida ni kila mtu. Mnahitaji kitu kimoja ambacho muuza vitunguu, fundi wa pancha na mbadilisha fedha wa mpakani wote wanaweza kukijibu bila kukuna kichwa, na kila mmoja akakijibu tofauti. Mimi ningewauliza wote: unasubiri gari gani?

Jaribuni kulipima swali hilo. Muuza vitunguu anasubiri basi la abiria, tena lile ambalo konda wake huwa hana haraka. Mama lishe anasubiri malori, kwa sababu dereva wa lori hukaa chini akala, abiria wa basi ananunua soda anakimbia. Fundi anasubiri gari bovu, na atacheka akisikia alichosema mwenyewe. Kijana wa Tunduma anasubiri malori ya shaba yanayoshuka kutoka Congo na Zambia. Mzazi anasubiri basi analorudi nalo mtoto kutoka shule ya bweni. Mzee mmoja atawaambia hasubiri gari lolote, na huyo msimwache. Swali halihitaji hata elimu ya uraia. Na linaleta vitendo: mtu akikuambia anasubiri gari fulani, wewe kaa naye mpaka lije. Hiyo tayari ni sehemu ya filamu, ina mwanzo na mwisho wake bila ninyi kutunga chochote.

Nichukue hiyo ya vitunguu niifungue, ili mwone namna ya kurekodi.

Basi linakuja. Kuanzia linapoonekana mpaka linapoondoka huenda ikawa dakika mbili. Wauzaji wanainuka na vitunguu vyao, wanakimbia sambamba na madirisha kabla gari halijasimama, bei inatajwa juu, inashuka, noti inateremka, mfuko unapanda, chenji inatafutwa huku gari limeanza kutembea. Mkijaribu kurekodi yote hayo kwa basi moja mtapata mikono na vumbi. Mabasi yako mengi. Basi la kwanza msirekodi, tazameni tu: nani anakimbia mbele, nani anabaki nyuma na kwa nini. Basi la pili, simu moja ikae kwenye stendi ya miguu mitatu mbali kidogo, iuchukue uwanja wote. Basi la tatu, mkae na mtu mmoja tu, na kamera isimwache usoni hata kama biashara iko kwenye mikono. La nne, mikono. La tano, mtu mmoja awe ndani ya basi, na hili linapangika: mmoja wenu apande kituo cha nyuma, akae dirishani, arekodi kuanzia juu wanavyoonekana wauzaji kwa jicho la abiria. Halafu basi likishaondoka, msizime. Endeleeni kurekodi dakika nzima nyingine. Pale wanapokaa chini, wanahesabu, wanataniana kuhusu mteja aliyeomba kitunguu cha nyongeza akapewa kilichooza, ndipo penye filamu. Vijana wengi huzima kamera gari linapoondoka. Mimi ningeiwasha wakati huo.

Mkija kuunganisha, mabasi hayo manne mliyoyarekodi yatakuwa basi moja. Kwa hiyo mtu wenu asibadilishe nguo, na mrekodi saa zilezile za siku ili kivuli kisiruke kutoka kushoto kwenda kulia. Vitunguu vina msimu pia. Pigeni simu kwa mtu wa huko mwulize kabla ya kukata tiketi, msije mkakuta meza tupu.

Tuje kwenye kuongea, maana hapa ndipo mlipoweka uzito.

Mtanzania akielekezewa kamera anageuka taarifa ya habari. Mnaijua sauti hiyo. "Kwa jina naitwa fulani, ni mkazi wa hapa. Changamoto tunazokumbana nazo ni nyingi, tunaiomba serikali itusaidie." Haigizi. Amezoea kwamba kamera inakuja kijijini wakati wa kero au wakati wa ziara ya kiongozi, na anaipa inachokitaka. Msimkatishe na msimwambie "ongea kawaida", kwani hakuna sentensi inayomfanya mtu aongee kwa taabu zaidi ya hiyo. Mwacheni aiombe serikali mpaka amalize. Rekodini, mshukuruni, kisha mwombeni arudi kwenye kazi yake na ninyi mbaki pembeni. Mazungumzo ya kweli yataanza akiwa anamenya viazi.

Salamu zisiharakishwe. Kamera ibaki kwenye begi mpaka salamu ziishe zote, za nyumbani, za safari, za watoto. Mwenye shikamoo yake apewe. Mkifika mmeishika simu mkononi inarekodi, mmeshamwambia kwamba yeye ni picha. Kuna watengenezaji wanaomwambia mhojiwa arudie swali ndani ya jibu, ili sauti ya muulizaji ikatwe baadaye. Siupendi utaratibu huo kwa watu wetu. Unamgeuza mtu mzima kuwa mwanafunzi anayejibu kwa sentensi kamili. Kiswahili cha barazani ni cha kupokezana, mmoja anatupa, mwingine anadaka. Acheni sauti yenu isikike kwenye filamu, mradi iwe fupi.

Badala ya "niambie" tumieni "nionyeshe". Nionyeshe unavyojua kitunguu kitakaa wiki tatu bila kuoza. Nionyeshe pancha unaanzia wapi kuitafuta. Mtu akionyesha, mikono inaongoza na mdomo unafuata bila hofu. Na akimaliza kujibu, nyamazeni. Hesabuni kimoyomoyo mpaka tano. Mara nyingi ile "lakini sasa..." inayofuata baada ya ukimya ndiyo jibu lenyewe.

Watu wakizungumza wao kwa wao kwa Kihehe, Kibena au Kinyamwanga, msiwaombe wahamie Kiswahili. Rekodini, kisha tafuteni mtu wa hapohapo awatafsirie jioni ile, akiwa bado anakumbuka nani alimtania nani. Ukisubiri mpaka urudi Dar utapewa maana ya maneno tu.

Kuhusu kuwalipa: msinunue maneno. Ukimlipa mmoja ili aongee, mchana wa siku hiyo kutakuwa na foleni ya wasemaji, na wote watasema unachotaka kusikia. Lakini msijifanye wasafi pia. Mama aliyekosa mabasi mawili kwa sababu yenu amepoteza hela, na hela hiyo mrudishieni, baada ya kazi, bila kuifanya hafla. Kuleni kwake. Nunueni vitunguu kwa bei anayowauzia abiria, msipunguziwe.

Ridhaa ichukuliwe mara mbili. Mwanzoni, mbele ya kamera, kwa maneno ya kawaida: sisi ni nani, filamu ni ya nini, itaonyeshwa wapi ikiwemo mtandaoni, na kwamba anaweza kukataa. Kisha siku ya kuondoka mwulizeni tena, kwa sababu sasa anajua alichowaambia. Nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sura ya mtu na sauti yake ni vyake. Mtoto haridhii peke yake hata kama ndiye mcheshi kuliko wote. Mzazi au mlezi aseme.

Hapa niwape onyo kuhusu madereva wa malori, maana najua mtavutiwa nao. Dereva akiwa kwenye foleni Tunduma anaongea hasa. Atawasimulia mafuta, atawasimulia hela ya soda aliyotoa njiani na aliyempa, atawasimulia nyumba yake ya pili. Yeye anaona anapiga soga. Ninyi mnaona dhahabu. Tajiri wake akiona atamfukuza kazi. Namba ya gari ikionekana, jina la kampuni mlangoni likionekana, au sauti yake ikitambulika, mmemaliza. Kwa hiyo mambo ya namna hiyo ama yatoke bila sura, bila gari, na sauti isomwe na mtu mwingine, ama yasitoke. Na msipande lori kurekodi safari kwa makubaliano ya dereva peke yake. Makampuni mengi hayaruhusu abiria kwenye kabini, ajali ikitokea bima haiwatambui, na utingo ndiye atakayebebeshwa lawama. Ombeni kwa mwenye gari, kwa maandishi.

Kibali sasa. Ndiyo, kinahitajika, na udogo wenu hausaidii. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Namba 4 ya mwaka 1976, iliyofanyiwa marekebisho 2019, inataka anayetengeneza filamu awe na kibali cha Bodi ya Filamu Tanzania. Anzeni wiki kadhaa kabla ya safari. Wataulizia mnachokwenda kurekodi, wapi na lini, kwa hiyo lile swali lenu la gari liwe limeshaandikwa kwenye ukurasa mmoja unaoeleweka. Mkiwa na kibali, ombeni barua ya utambulisho ngazi ya wilaya, kisha mkifika kijijini au mtaani nendeni moja kwa moja kwa mtendaji. Mtasaini kitabu cha wageni, mtaelezea upya, mtasubiri mwenyekiti aje. Itachukua asubuhi nzima ya siku ya kwanza. Msiione kama kero: mkitoka pale na mwenyekiti mmeandamana naye mpaka kwa wauza vitunguu, mmejiokolea siku mbili za kuulizwa "nyie ni wa nani?". Hakikisheni tu kwamba mwenyekiti anaondoka baadaye, la sivyo wote watarudi kuiomba serikali itusaidie.

Kibali hicho hakiwafungulii kila mlango. Mizani ya magari, vituo vya polisi, kambi za jeshi, stesheni za TAZARA, madaraja makubwa na eneo la forodha pale Tunduma, kila pahali pana mwenyewe wa kuombwa. Mkiambiwa hapana, ni hapana. Funikeni lenzi, msibishane na mtu mwenye sare huku mmeshika kifaa kinachorekodi. Nakonde upande wa pili ni Zambia na ina taratibu zake, kwa hiyo filamu yenu iishie upande wetu. Barabara inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi. Picha za kupita mkiwa ndani ya basi ni picha za abiria, lakini kusimamisha gari na kutega stendi mle ndani ni jambo la TANAPA, wasimamizi wa hifadhi za taifa, na ada zake si za mfuko wenu. Twiga wameshapigwa picha vya kutosha.

Vifaa, kwa haraka. Nunueni maiki ya waya ya kubana shatini, ndefu, na kinga yake ya manyoya ya kuzuia upepo, hasa kwa ajili ya Makambako, ambako upepo na baridi ya Juni hadi Agosti si mchezo (chukueni masweta, na betri mzilaze nanyi kitandani kwani baridi inazimaliza haraka). Maiki ichomekwe kwenye simu ya pili, ikae mfukoni mwa mhojiwa ikirekodi sauti peke yake, na simu ya kwanza ibaki na picha. Mwanzoni mwa kila kipande pigeni kofi moja mbele ya kamera. Kofi hilo ndilo litakalowasaidia kulinganisha sauti na picha. Kila sehemu mtakayohojia, rekodini dakika moja ya sauti ya pale bila mtu kuongea. Mtaishukuru mkikata sentensi na kukuta lori limetoweka ghafla katikati ya neno.

Lori lenyewe ni tatizo: injini inayopanda mlima inaua sauti ya mtu kabisa. Mhojini mtu nyuma ya kibanda, ukuta ukiwa kati yenu na barabara, kisha rekodini barabara peke yake. Na muziki. Basi linapiga nyimbo safari nzima, mgahawa una redio, kila wimbo una mwenyewe kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na mitandao ya video inautambua kwa mashine. Mazungumzo mazuri yaliyorekodiwa juu ya wimbo maarufu ni hasara. Mwombeni mama azime redio kwa nusu saa, kwa adabu, na mumkumbushe kuiwasha tena.

Kwenye simu: fremu 25 kwa sekunde, kasi ya shata (muda ambao kila picha inapokea mwanga) 1/50 au 1/100 ya sekunde, kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50 na taa za gesti na za vibandani zitapepesuka kwenye picha mkiacha simu ijiamulie. Gandamizeni kidole kwenye kioo cha simu, pale uso wa mtu unapoonekana, mpaka mwanga na fokasi vijifunge. Simu iwe kwenye hali ya ndege. Saa sita mchana msirekodi sura ya mtu juani. Macho yanakuwa mashimo. Msogezeni chini ya mwembe au barazani, uso wake ukitazama kulikong'aa. Mwanga mzuri ni saa moja baada ya jua kuchomoza na saa moja kabla halijazama, na huku kwetu jua huzama upesi, kwa hiyo stendi iwe imeshategwa saa kumi na moja. Ndani ya basi, kutoka Dar asubuhi jua liko nyuma yenu na barabara ya mbele inapendeza. Mchana likihamia mbele, kaeni dirisha la upande wa kivuli na mzibe mng'ao wa kioo kwa kanga nyeusi kuzunguka simu.

Ukali wa picha wa 1080 unatosha. Kwa simu nyingi ni gigabaiti nne hadi nane kwa saa, wakati 4K, yenye ukali mkubwa zaidi, inaweza kupita kumi, na laptop yenu italia. Kila usiku, kabla ya kulala, hamisheni kila kitu sehemu mbili: nakala moja kwenye laptop, nyingine kwenye hard disk, na vitu hivyo viwili visikae begi moja. Mmoja anahamisha, mwenzake anaandika kwenye daftari: nani, wapi, alisema nini cha maana, nini bado. Msifute kadi mpaka mmefungua mafaili na kuyaona yanacheza.

Mkirudi, tatizo la kwanza litakuwa sauti kuteleza nje ya midomo. Ni kwa sababu simu hazirekodi fremu kwa mwendo sawasawa. Pitisheni mafaili kwenye programu ya HandBrake, ni ya bure, chagueni mwendo wa fremu usiobadilika. Kisha DaVinci Resolve, programu ya kuunganishia filamu, toleo la bure, na mtengeneze nakala nyepesi za kufanyia kazi. Ikigoma kwenye laptop yenu, Shotcut itawafikisha. Kabla ya kukata chochote, sikilizeni mahojiano yote na kuyaandika kwa mkono. Linachosha. Hakuna njia nyingine ninayoiamini ya kujua mlichonacho.

Lengeni dakika 20 hadi 26. Na fuateni mpangilio wa barabara. Kuna watu watawaambia mchanganye vituo ili iwe ya kisanaa. Wakumbusheni kwamba watazamaji wenu wameipita njia hiyo mara nyingi, na mkiweka Kitonga baada ya Makambako watalizungumzia hilo tu mpaka mwisho. Wazee wa huko walioiona lami ikija watawapa historia bila mtaalamu wa chuo: Rhodesia ya walowezi (Zimbabwe ya leo) ilipojitangazia uhuru Novemba 1965, Zambia ikahitaji njia ya kupitia kwetu, bomba la mafuta likafunguliwa 1968, reli ya TAZARA ikajengwa kati ya 1970 na 1975. Mzee asiyesubiri gari lolote huenda aliwahi kubeba kokoto za barabara hiyo. Mwulizeni.

Ikikamilika, peleka kwenye tamasha la ZIFF Zanzibar, linalofanyika tangu 1998, na ifuatilieni Docubox ya Nairobi inayosaidia watengenezaji wa makala wa Afrika Mashariki. Lakini nakala ya kwanza iende kwa waliomo, kwa WhatsApp ikibidi, kabla haijawekwa mtandaoni.

Mmebakiza droni. Inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga na idhini ya Wizara ya Ulinzi, mwenye kuikodisha anataka hela yake ya siku nzima hata upepo ukikataa, na kutoka juu muuza vitunguu haonekani kama ni mama au ni ndoo. Hela hiyo ongezeni usiku wa nne Ruaha Mbuyuni.